Dhahabu Isiyonunua Mtama

Katika mji wa Zafarani, uliojengwa kwa mawe meupe na kuzungukwa na mashamba ya ufuta, alitawala Sultani Shahabu bin Muniri, mtu mpole wa maneno na mzito wa kuamka, aliyewapenda raia zake kama mtu apendavyo bustani asiyoimwagilia mwenyewe. Na katika mji huo alikuwapo tajiri, jina lake Dhiyabu bin Sururi, mkuu wa wafanyabiashara wote. Na vinu vya mafuta vilikuwa vyake, na maghala ya mtama yalikuwa yake, na vyumba walivyopanga maskini vilikuwa vyake, hata ikasemwa kuwa mtu wa Zafarani hupokea fedha mkononi mwa Dhiyabu na jioni humrudishia mwenyewe.

Na zamani vinu vile vilizungushwa na ngamia. Lakini Dhiyabu alitazama akaona kuwa ngamia akifa hununuliwa mwingine kwa mali nyingi, na mtu akifa mwingine yuko mlangoni anangoja. Basi akawauza ngamia, akafunga watu. Miongoni mwao alikuwa Mwanamize binti Makame, mwanamke kijana mwenye mabega mapana na ulimi usioogopa, na mwenzake katika mti wa kinu alikuwa Feruzi, mtu wa maneno machache. Walizunguka tangu alfajiri hata jua kuchwa, na ujira wao ulikuwa dirhamu moja, na kwa dirhamu hiyo Mwanamize alimlisha mama yake kipofu, Bi Mwanaidi. Isipotosha, walikula mashudu, makapi ya ufuta uliokwisha kamuliwa, ambayo watu wengine huwapa ng'ombe.

Ikawa siku moja watu wa vinu wakaenda kulia mbele ya Sultani, naye akaingiwa na huruma, akamtoa mnadi, na mnadi akapiga mbiu mji mzima: "Tangu leo asiajiriwe mtu Zafarani kwa ujira ulio chini ya dirhamu mbili!"

Mwanamize alikimbia nyumbani huku anacheka. "Mama, sasa tutakula tukashiba!"

"Chakula cha kesho usikipakue leo, mwanangu," akajibu Bi Mwanaidi.

Na kweli, kabla jua halijatua, Dhiyabu aliwaalika matajiri wenzake barazani, wakanywa kahawa na kula halua, na walipoinuka bei ya mtama ilikuwa imekwenda mara mbili, na mafuta mara mbili, na kodi za vyumba vivyo hivyo, ilhali ujira mpya haujamfikia hata mtu mmoja. Mwanamize akaenda dukani, akasimama mbele ya Dhiyabu na damu inamchemka.

"Bwana, mtama huu huu asubuhi ulikuwa dirhamu moja!"

"Asubuhi hamkuwa mmemlilia Sultani," akasema Dhiyabu, naye anatabasamu. "Ujira ukipanda, bei hupanda. Mmejitakia wenyewe. Mkitaka mtama rahisi, nendeni mkamwombe awarudishie ujira wenu wa zamani."

Na watu, kwa kuwa njaa haina akili, wakaanza kulaumiana wao kwa wao, na waliokwenda kwa Sultani wakatukanwa sokoni. Hilo ndilo lililomuuma Mwanamize kuliko njaa yenyewe.

Siku chache baadaye jiwe la kinu likapasuka, na msimamizi akamwamuru Mwanamize aingie chini yake akakwangue masimbi, mashapo ya mafuta yaliyogandamana. Akaingia kwa tumbo, akakwangua, na katika uchafu ule vidole vyake vikagusa pete ya shaba nyeusi, akaifuta kwa nguo yake. Mara shimo lote likajaa moshi wenye harufu ya ufuta uliokaangwa, na mbele yake akainuka jini, kichwa chake kimegusa dari ya kinu na macho yake kama makaa.

"Labeka, ewe mwenye pete!" akanguruma. "Mimi ni Kharubashi, niliyefungwa chini ya jiwe hili tangu zama za wafalme waliosahauliwa, nikikisukuma kinu kwa mgongo wangu bila shukurani wala malipo. Amuru, nitii."

Hasira ya Mwanamize ilikuwa kubwa kuliko hofu yake. "Hawa wote waliofungwa kwenye vinu, na kila mwenye kuajiriwa mjini, wajazie dhahabu mifukoni. Dhiyabu asitucheke tena!"

"Nimesikia, na kusikia ni kutii," akasema jini.

Watu wakaamka na dinari mikononi, na mitaa ikalia kwa ngoma na vigelegele. Lakini walipofika sokoni walikuta milango ya Dhiyabu imefungwa, na ilipofunguliwa, kisahani cha mtama kiliuzwa kwa dinari, na adhuhuri kwa dinari kumi, na alasiri kwa chochote ulichonacho. Na mtoza kodi wa Dhiyabu akaja kwa Bi Mwanaidi akataka kodi ya dhahabu ambayo hata jini hakuiwazia. Siku kadhaa Mwanamize alishinda mlangoni mwa ghala, akasukumwa na kupigwa fimbo, na siku ya mwisho aliporudi mikono mitupu alimkuta mama yake amelala uani walikotupiwa vyombo vyao, amekufa kwa njaa, na katika pindo la leso yake imefungwa dhahabu ambayo ingeliweza kununua farasi katika mji mwingine wowote.

Mwanamize hakulia. Alimzika mama yake, Feruzi akimsaidia kuchimba, kisha akaisugua pete mpaka kidole kikatoka damu.

"Umenidanganya!" akamkemea jini.

"Sikukudanganya, bibi. Uliniamuru nilete dhahabu, hukuniamuru nilete mtama. Dhahabu huongezeka mikononi mwa wengi, lakini mlango wa ghala uko mkononi mwa mmoja."

"Kwani mtama upo? Dhiyabu anasema umekwisha, msimu ulikuwa mbaya."

Jini akacheka kicheko cha uchungu. "Umejaa mpaka panya wamenenepa, wameshindwa kukimbia."

"Basi yabebe maghala yake yote," akasema Mwanamize, na sauti yake ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi, "ukayatue mbele ya kasri, na kuta zake uziondoe, ili kila mwenye macho aone."

Ikawa siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini, mbingu ikatanda giza, na maghala yakapita juu ya vichwa vyao kama kundi la tembo warukao, yakatua uwanjani na kuta zake zikayeyuka, na mtama ukamwagika kama mlima hata ukaingia ngazi za kasri. Sultani Shahabu akatoka, na kwa mara ya kwanza katika utawala wake alitembea bila kuvaa viatu. Akaamuru Dhiyabu aletwe.

"Ewe Dhiyabu, uliniambia mtama umekwisha."

"Mola akuweke, ewe Sultani wa zama," akasema Dhiyabu akiinama hata kilemba kikagusa vumbi. "Mimi ni mfanyabiashara tu. Wewe ulipandisha ujira, na ujira ukipanda, bei hupanda. Hiyo ni kanuni ya dunia, si yangu."

Hapo Mwanamize akapenya katikati ya askari. "Mwongo! Ewe Sultani, mtama huu umevunwa mwaka jana, na ukapurwa mwaka jana, na waliouvuna na kuubeba walilipwa dirhamu moja, wengi wao wamo humu uwanjani, waulize! Hakuna punje moja iliyoguswa na ujira mpya. Ujira wetu ulipanda kwa mbiu yako, bei aliipandisha kwa tamaa yake, kisha akatutupia sisi lawama, na mama yangu akafa na dhahabu mkononi!"

Uwanja ukavuma. Wengine wakapiga kelele, "Mwamuru jini amrarue!" Na Mwanamize alitaka, Mungu shahidi, vidole vyake vilikuwa tayari juu ya pete. Lakini alimtazama Dhiyabu akaona kifo ni njia fupi mno.

"Simtaki maiti," akasema. "Namtaka katika kinu, mahali pangu. Alipwe dirhamu mbili kama mimi, anunue kwa bei aliyoiweka."

Sultani akahukumu hivyo. Dhiyabu akafungwa kwenye mti wa kinu, na jioni ya kwanza alipokwenda sokoni na dirhamu zake mbili hakupata hata cha kutia kinywani, na kabla mwezi haujaandama aliuza kilemba, akauza joho, akauza viatu, na watu wakamwona kwa macho yao anagombania mashudu.

Kisha Sultani akaketi barazani akatoa amri mpya: ujira wa chini usipimwe kwa dirhamu tu, bali kwa kinachohitajika ili mtu ale, avae na alale, na bei za sokoni zikipanda, ujira upande pamoja nazo. Matajiri wakalia, "Ewe Sultani, tutafilisika!" Naye akawajibu, "Basi shusheni bei, ujira hautakuwa na sababu ya kupanda." Na kwa kuwa wenye maduka ndio waliokuwa wenye vinu, na bei wakizipandisha wangelipa wenyewe, wakazishusha.

Akasimama Bi Radhia, muuza mikate mwenye tanuri moja na msaidizi mmoja, akasema, "Na mimi je, bwana wangu? Sina ghala, na mchana wote niko motoni na mtu wangu. Nikimlipa hivyo nitazima tanuri." Sultani akaona neno hilo ni la kweli. Akawaondolea wenye biashara ndogo ushuru wa soko, akautia juu ya maghala makubwa.

Na mtama uliomwagika ukagawiwa watu, na kinu akapewa Mwanamize, naye akarudisha ngamia. Akamvua Kharubashi kifungo chake na kuitupa pete katika tanuri, akisema, "Hata jini asifanye kazi bure." Kisha akaolewa na Feruzi, na Sultani akahudhuria harusi, na watu wakala siku saba, ila bibi harusi hakukubali dhahabu hata chembe mwilini mwake. Dhiyabu alipomaliza adhabu yake alikuja kuomba radhi. Mwanamize akampa mkate, radhi hakumpa.

Hayo ndiyo yaliyotokea Zafarani, na aliyenisimulia hakuongeza chumvi, nami sikupunguza. Mwenye kusikia na ashike hili: ukimwongezea mtu ujira huku ghala limeachwa mkononi mwa mlafi, umemwongezea mlafi. Na anayekuambia kuwa njaa yako imeletwa na mshahara wa jirani yako, mwangalie kwanza tumbo lake.