Kaa Aliyefunga Kila Kilichofunguliwa

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa upande wa kuni sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, na mwenye mtoto amlaze mapajani, maana hii ya leo ina maji ndani yake.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo wanyama walikuwa na ofisi zao na kompyuta zilijibu zikiulizwa, palikuwa na kijiji kilichojengwa chini ya bwawa. Lango la bwawa lile lilikuwa likivutwa na Mzee Kiboko. Alilivuta kwa meno, kila masika, mpaka meno yakalegea. Akasema, sasa basi. Mtu aandike, kompyuta isome, lango litii.

Nani aandike? Wakamtafuta aliyesoma, wakampata Siwema. Siwema alikuwa mama kijana, amemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, mtoto mgongoni anaitwa Tunu, mume yuko bara anauza chumvi. Na nyumba yake, nisikilizeni vizuri hapa, ndiyo ilikuwa ya kwanza chini ya lango. Maji yakikosea njia, yanaanzia kitandani kwake.

"Babu, mimi naogopa," Siwema alimwambia Kiboko, "nikikosea je, nyumba yangu ile pale unaiona, na mtoto huyu, na mimi kuandika kwenyewe nimeandika shuleni tu, kabla sijampata huyu."

"Unaogopa nini hasa?"

"Maji, babu."

"Basi unafaa. Asiyeyaogopa simpi lango langu."

Juu ya ukuta wa bwawa alikuwa amekaa Nyani, anatafuna hindi la kuchoma. "Mama Tunu," akasema, "sasa ukiwa unaandika, utanyonyesha kwa mkono gani?"

"Kwa titi, shemeji. Mikono nitaiachia kazi."

Watu wakacheka, Nyani akarudi kwenye hindi lake.

Sasa, maandishi ya kompyuta yana taratibu zake. Unataja jambo unalolitaka, halafu unafungua mabano, kile kipinde kimoja kama mkono wa kushoto wa mtu anayekumbatia. Ndani unaandika maji yapite kiasi gani. Halafu unafunga mabano, mkono wa kulia. Kompyuta ikisoma kipinde cha kwanza, lango linafunguka. Ikisoma cha pili, lango linajifunga. Na cha pili kisipokuwepo? Mnatazamana. Mmeshajua.

Ndani ya kompyuta ile, nyuma ya kioo, aliishi Kaa. Kazi yake ilikuwa kumsaidia anayeandika: mtu akifungua mabano, yeye papo hapo anafunga. Aliipenda kazi hiyo, akajiona hana mfano. Kutwa aliimba: "Umefungua, nimefunga. Umefungua, nimefunga. Umefungua, nimefunga."

Siwema akaketi, akaandika: lango. Akafungua mabano. Kaa, pu, amefunga. Siwema akaandika katikati, maji yapite hadi alama nyekundu iliyochorwa mtoni chini ya lango, halafu vidole vikafunga vyenyewe, ndivyo mwalimu alivyovizoesha. Kufungua kumoja, kufunga kuwili. Kompyuta ikasema, "Sielewi."

Siwema akavifuta vipinde vyake viwili, cha kufungulia na cha kufungia, aanze upya. Kipinde cha Kaa kikabaki peke yake, kinaning'inia, kinafunga kisichofunguliwa. Kompyuta ikasema, "Sielewi."

Akabadili njia. Akayaandika maneno kwanza, yote, halafu akarudi mwanzo kuyafungulia mabano. Kaa akafunga palepale, kabla ya neno la kwanza. Mabano yakawa matupu, maneno yamebaki nje kama wageni walionyimwa mlango. Mara hii kompyuta ikaelewa. Lango likafunguka, likajifunga, kufumba na kufumbua, hata tone halikupita. Nyani alicheka mpaka hindi likamponyoka.

"Kaa, ondoka hapa," alisema Siwema.

"Bibi, mimi nafunga tu."

"Ndiyo hilo hilo. Ondoka."

Kaa akajikunja kwenye pembe ya kioo, makucha kifuani, hakuimba tena.

Siwema akaandika peke yake. Lango kubwa, ndani yake lango dogo, ndani yake kengele ya kuwaonya watu wa chini, mabano ndani ya mabano ndani ya mabano, kama sufuria zinavyoingiana. Katikati ya hapo Tunu akalia. Siwema akainuka, akamnyonyesha, akamlaza nyumbani, akarudi mbio, akaendelea pale alipodhani aliishia. Alipodhani, nimesema.

Siku ya kujaribu Kiboko akaiambia kompyuta, "Soma."

Lango likafunguka. Maji yakafika alama nyekundu. Yakaipita. Yakaifunika njia, yakaingia jikoni kwa Siwema, yakabeba kinu, na lango bado li wazi, maana palikuwa na kipinde kimoja tu, kimoja, ambacho hakuna aliyekifunga. Kiboko akajitosa, akaling'ata lango kwa meno yaliyobaki, akalishikilia. Siwema hakuona hayo. Alikuwa anakimbia kwake, alikomlaza mtoto. Alikuta maji magotini, viatu vinaelea, na Tunu juu ya kitanda, amelala fofofo, shubiri moja juu ya maji.

Akarudi naye kifuani, maneno yanamtoka kwa mkupuo. "Babu mpe mwingine kazi hii, mpe yeyote, mimi siwezi, ningechelewa kidogo tu, kidogo hivi, sitaki hata kulisema."

Kiboko hakuweza kujibu, mdomo umejaa lango. Aliyejibu alikuwa Kaa, akigonga kioo polepole.

"Bibi. Ningekuwepo, kile kipinde kingefungwa."

"Ungekuwepo, ungefunga kabla maji hayajapita."

Kaa akafikiri. "Ni kweli."

Siwema naye akafikiri, anampapasa mtoto mgongo. "Wewe kufunga unajua," akasema, "ila hujui mimi naishia wapi."

"Hilo silijui, bibi."

"Mimi najua naishia wapi, ila mtoto akilia nasahau kufunga."

"Hilo nililiona. Nilitaka kusema, ila nilikuwa nimefukuzwa."

Basi wakapatana. Siwema akasema, "Nikifungua palipo tupu, funga. Nikija kufunga mwenyewe, nipishe. Nikifuta changu, futa chako."

"Na nikikuta maneno mbele yako?"

"Hapo usiguse. Ngoja. Mimi ndiye nitakayekwambia yanaishia wapi."

Kaa akasita. "Nikikupisha, watu watasema nafanya kazi gani?"

"Watakuta pamefungwa. Kwani wewe unataka nini zaidi ya hicho?"

Wakajaribu. Siwema alipokuja kufunga mwenyewe, Kaa akarudi nyuma, akayakanyaga maneno. Akaenda mbele, wakagongana. Mara ya tatu akapiga hatua ya ubavuni, kidole cha Siwema kikapita bila kuguswa, na kipinde kikabaki kimoja. Ndiyo sababu hadi leo mkimwona kaa, anakwenda kwa ubavu. Wapo wanaosema hajui njia. Anapisha.

Wakaandika yote upya, lango likasomwa likatii, Kiboko akapumzisha taya.

Kisha masika ikaingia, na haikuingia kama inavyoingiaga. Mto ulishuka na matope, na miti, na paa la nyumba ya mtu. Lango lilifunguka mara moja, likajifunga kama lilivyoandikwa, na bwawa likajaa tena lote. Nyani akapiga kelele kutoka ukutani, na safari hii hakuwa anacheka: ukuta ulikuwa unavuja.

"Mwanangu," alisema Kiboko, "mara moja haitoshi. Yote uliyoyaandika yarudiwe, mpaka bwawa lishuke."

Siwema akamfunga Tunu mgongoni, akaketi. Akaenda mwanzo kabisa, mbele ya maneno yote, akaandika: rudia mpaka bwawa lishuke. Akafungua mabano.

Kaa akainua kucha. Mazoea ni mazoea. Angefunga pale, kompyuta ingerudia utupu, na ukuta ungepasuka juu ya nyumba ya kwanza. Kucha likabaki hewani. Likashuka.

Siwema akaanza kuteremka, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Tunu akaanza kulia. Siwema akapita lango kubwa. Tunu analia. Akapita lango dogo. Tunu analia. Akapita kengele.

"Bibi," alinong'ona Kaa, "kimoja bado kiko wazi."

"Najua. Nakiendea."

Akafika mwisho wa neno la mwisho, akafunga.

"Soma," alisema Siwema, yeye mwenyewe, hakumngoja Kiboko.

Lango likafunguka, maji yakafika alama nyekundu, likajifunga. Likafunguka, yakafika, likajifunga. Likafunguka, yakafika, likajifunga, na bwawa likashuka likawa bwawa la siku zote. Kule chini, kwenye nyumba ya kwanza, hata majivu ya jikoni hayakulowa.

Watu wakaja mbio na vigelegele. Nyani akashuka ukutani, akampa Siwema hindi lake zima.

"Nani alifunga?" Kiboko aliuliza, ili wote wasikie.

"Kaa," watu wakasema. "Si ndiye hufunga."

"Vingine mimi," alisema Kaa. "Kile cha mwisho ni chake."

Wakamgeukia Siwema, wakitarajia ainamishe kichwa, kama walivyomzoea. Hakuinamisha. Alimhamishia mtoto kifuani, akawatazama wote.

"Niliogopa mpaka kipinde cha mwisho," akasema. "Lakini nilijua kinakwenda wapi."

Nami hadithi yangu naifunga hapo hapo, penye neno lake. Aliye karibu na moto aufukie, tulale.