Siku Paka na Ndege Walipokaa Ukuta Mmoja

"Paka na ndege wakikaa ukuta mmoja, toka nyumbani." Mmemsikia mjomba wenu akisema hivyo sasa hivi, mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia uani kwetu.

Wazazi wangu, Mbonea na Nakijwa, walikuwa na nyumba kwenye mteremko, huko milimani Upare. Mbayuwayu walijenga viota chini ya paa. Ndege aina ya kwera, na njiwa, walijaa uani. Paka walikuwa wawili, wa baba, na kila asubuhi mama alizoa manyoya ya ndege akinung'unika. Hapakupita siku bila mawindo.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku kumi na moja mfululizo. Ya kumi na mbili jua likatoka. Mchana mama alitoka kuanika mahindi, mimi, Namkunda, nikiwa mgongoni, akashtushwa na kimya. Hata inzi hawakusikika. Hapa mama, kila aliponisimulia, alishusha sauti.

Juu ya ukuta wa mawe waliketi paka wote wawili. Katikati yao ndege walikuwa wamejipanga, wamebanana. Njiwa mmoja ameegemea kabisa ubavu wa paka. Wote walielekea mlimani. Mama akawarushia mahindi, hakuna aliyeinama. Akapiga makofi, hakuna aliyeruka. Akamgusa paka mmoja, akamkuta anatetemeka, manyoya yamemsimama, wala hakugeuka.

Mama akaingia ndani mbio. Baba na kaka yake, Sekiete, walikuwa wakila makande.

"Baba Namkunda, tutoke! Paka na ndege wamekaa pamoja ukutani."

Baba akacheka. "Si ndiyo dua yako ya kila siku? Leo wamepatana, unalia!"

"Hawajapatana. Kuna kitu wamekiona, hata wao kwa wao hawaonani tena."

"Kaa ule, shemeji," akasema Sekiete. "Jua limeshatoka."

Mama hakukaa. Alishika njia ya kuvuka kijito, miguu mitupu. Baba akamfuata kwa hasira, maana ilikuwa aibu mke kukimbia nyumba mchana kweupe, majirani wakitazama. Alimfikia ng'ambo, akamkamata mkono.

"Rudi nyumbani!"

Ndipo waliposikia mngurumo mzito, kama wa jiwe la kusagia. Wakageuka. Ndege waliinuka wote kwa pamoja, bila mlio hata mmoja. Kisha mlima ukashuka.

Nyumba haikuwapo tena, wala ukuta, wala paka, wala baba yangu mkubwa Sekiete. Watu walichimba siku nne, wasipate hata bakuli alilokuwa akilia makande.

Siku ya tano wazee walimwuliza baba, "Ninyi mlijuaje?" Alimtazama mama, kisha akajibu kwa sauti ndogo:

"Paka na ndege wakikaa ukuta mmoja, toka nyumbani."