Jibu Wewe Kwanza

Mwaka wa 2003, wanunuzi wa ploti walimiminika Kisaju, kwenye nchi ya Wamaasai, kama nzi kwenye kibuyu cha maziwa. Wenyeji waliuza, wakaingia mjini na mabunda ya noti, na wengi wakarudi mikono mitupu kabla ya mvua kunyesha. Ndipo Jentrix Khisa, mwalimu mzaliwa wa Bungoma aliyepanga chumba Kitengela, alipopata wazo. Alitaka kutunga masomo ya pesa yatakayowafaa akina mama wa darasa la ngumbaru, lile lililokutana kanisani huko Kisaju kila Jumamosi. Lakini kwa kuwa masomo hayo yalikuwa sehemu ya shahada yake ya uzamili, ilimpasa afanye utafiti kwanza.

Wazo lilikuwa zuri; tatizo lilikuwa mwenye wazo. Jentrix alisimama mbele ya akina mama, karatasi mkononi, akawahoji kama polisi aliyemkamata mwizi wa mbuzi. Una akiba? Una madeni? Una ng'ombe wangapi?

Swali hilo la ng'ombe ndilo lililotia kitumbua mchanga. Akina mama walitazamana. Mmoja akakumbuka mbuzi wake, mwingine akakumbuka maji, na punde si punde mwalimu akabaki na mabenchi. Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni; ni kuwaitia mkosi. Jentrix alipaswa kulijua hilo, kwani hata kwao nyanya yake hakuthubutu kuhesabu vifaranga. Kisomo kilikuwa kimempanda kichwani.

Tangu siku hiyo majibu yalikuwa mawili tu: "sijui" na "uliza mzee". Msimamizi wake chuoni, Daktari Obonyo, hakumung'unya maneno.

"Usiponiletea majibu kufikia mwisho wa mwezi, utarudia mwaka."

Jentrix alinywea. Kurudia mwaka kulimaanisha karo nyingine, na hii ya kwanza alikuwa ameikopa katika chama cha ushirika cha walimu. Hakuwa na pa kuitoa ya pili. Shahada ingemponyoka, na deni lingebaki.

Jumamosi ya mwisho alifika mapema, akamkuta Roda akifagia kanisa. Roda alikuwa mama mtu mzima, na neno lake ndilo lililosikilizwa darasani.

"Takwenya, yeyo," Jentrix alimwamkia kwa Kimaasai alichojifunza juzi juzi.

"Iko," Roda aliitikia. "Umekuja na ile karatasi tena?"

"Nimekuja nayo, mama. Msiponijibu leo, masomo yangu yamekwisha."

Roda aliegemeza ufagio ukutani. "Sisi hatuna ubaya na wewe, mwalimu. Lakini unatuvua nguo, na wewe umevaa koti. Wenzangu wakifika, jibu wewe kwanza. Jibu yote, tusikie."

Jentrix alicheka akidhani ni mzaha. Roda hakucheka.

Akina mama walipokusanyika, Jentrix hakusimama mbele yao. Alijibana katikati ya benchi, akajisomea swali la kwanza kwa sauti. Una akiba? Aibu ilimshika, yeye mtaalamu wa pesa!

"Sina. Hata shilingi," alisema. "Niko na deni la ushirika. Niko na deni ya unga na mafuta ya taa kwa duka ya Kavutha, huko Kitengela. Mwisho wa mwezi nikimwona, napitia nyuma ya bucha."

Benchi zima liliangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha dharau.

"Kumbe mwalimu pia anajificha!" alisema Rebecca, mke kijana, akifuta machozi. Kisha uso ukambadilika. "Sisi tuliuza shamba. Mzee akanunua pikapu. Sasa imekufa, kuku zinalala ndani. Na mimi ndiye niliweka kidole kwa ile karatasi ya kuuza. Sikujua inasema nini."

Hakuna aliyecheka tena. Jirani yake alimshika mkono, naye akaeleza yake, kisha mwingine yake. Zamu ya ng'ombe ilipofika, Jentrix hakuuliza idadi.

"Nisimulieni tu ng'ombe zenu," aliomba.

Wakamsimulia. Yule mwekundu alikuwa karo ya Metito, mwanawe Roda. Yule wa kijivu hakuguswa ila kiangazi kikizidi. Mtamba mweusi alikuwa wa kumwozea kijana mke. Jentrix aliandika hadi vidole vikamuuma. Watu aliodhani hawana akiba walikuwa na mipango kumshinda yeye. Somo la kwanza alilotunga lilikuwa la kusoma mkataba kabla ya kuweka kidole, na Rebecca aliketi mbele kabisa.

Daktari Obonyo alizipindua kurasa zile kwa mshangao. Akatia sahihi, kisha akavua miwani.

"Walikataa kukujibu mwezi mzima. Uliwafanya nini?"

"Sikuwafanya kitu, Daktari. Niliketi nao, nikajibu mimi kwanza."

Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.