Kofia ya Haroub Ipewe Jina la Nani?

Sogeeni. Leo sikuja na hadithi ya kuwalaza. Nimekuja na kesi, na mahakimu ni nyinyi. Asiyetaka kuhukumu aende akaangalie sufuria yake, lakini akirudi katikati asiniulize tumefika wapi.

Pemba, katika mji wa Wete, mtaa mmoja wa nyuma ya soko, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa lake.

Salha alipewa ulimi. Si ulimi wa matusi, la hasha; ulimi wa kumkalisha mtu. Wewe ulifika kwake umenuna, ukaondoka unacheka, na kile ulichokuja kukitaka umekisahau mpaka ufike kwako.

Mzee Faki alipewa kugawa. Miaka thelathini alikuwa kwenye mizani akipima karafuu, na tangu astaafu haoni kitu kizima ila anataka kukikata. Mkate wa boflo aliutia alama za kisu, kipande cha leo na kipande cha kesho, na mkewe Rukia akithubutu kula cha kesho leo, nyumba haikaliki.

Kazija alipewa kurudi. Ni hilo tu. Hakuwa msemaji wala hakuwa na hesabu, lakini akikwambia atakuja, anakuja, na siku ya pili anakuja tena, na ya tatu, mpaka wewe mwenyewe unachoka kumwona.

Na palikuwapo Bi Zuwena, ambaye katika hayo matatu hakuambulia hata moja. Yeye alipewa mikono. Alikuwa akishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa sindano, na hakuna mwanamke Wete nzima aliyeweza kuzungusha uzi ukatulia kama wake. Wateja walimjia mpaka kutoka Unguja. Wakasubiri. Wakasubiri tena. Mmoja alimaliza kusubiri kwa kufariki, na wanawe wakaja kuchukua kitambaa kina vitundu kumi na viwili.

Msimwite mvivu, nitagombana nanyi. Tatizo lake lilikuwa adabu. Mtu akipiga hodi, Bi Zuwena huweka sindano chini na kusema karibu. Mmoja amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, mwengine ana maneno ya mume wake, mwengine hana lolote, kapita tu. Akimwondosha wa mwisho, adhuhuri imeadhiniwa na moto haujawashwa. Halafu siku moja hupandwa na ari, akashona kutwa nzima mpaka shingo ikakataa kugeuka, na baada ya hapo wiki tatu hagusi.

Aliyeumia zaidi kwa adabu hiyo ni Haroub, mtoto wa kaka yake. Mama yake Haroub ndiye huyo Salha, kwa hiyo Salha na Zuwena ni mawifi. Haroub alipotahiriwa, na miaka yake saba, shangazi alimpima kichwa kwa uzi akamwahidi kofia. Hazijaisha safu mbili, kichwa kimeshakua. Akanunua kitambaa chengine, akaanza upya. Kichwa kikakua tena. Mara tatu zote kichwa cha Haroub kilionesha bidii kuliko sindano ya shangazi yake.

Haroub akafika miaka ishirini na mitatu, akaposa, akakubaliwa. Harusi ikapangwa baada ya siku tisini na moja. Siku ya kupanga mambo, Salha akasema kofia itanunuliwa dukani, yaishe. Haroub akasema, kwa sauti ya upole kabisa:

"Mama, shangazi aliniahidi. Nitaoa na kofia ya shangazi, au nitakwenda kichwa wazi."

Bora angefoka. Watu wote waliokuwamo ukumbini walimgeukia Bi Zuwena, na kila mmoja alijua maana yake: bwana harusi kukaa kichwa wazi mbele ya kadhi na wakwe, na sababu ni shangazi mtu, shangazi ambaye kazi yake ni kofia. Aibu hiyo ingemfuata mpaka kaburini. Bi Zuwena alirudi kwake, akajifungia, akalia. Alimpenda mtoto yule kuliko roho yake, na alijijua.

Alipomaliza kulia aliwaita wale watatu. "Nisaidieni," akasema. "Mikono ninayo. Siku ndizo zinazonipita."

Mzee Faki alikuwa wa kwanza kusema. Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akakiomba kitambaa. Bi Zuwena alikuwa ameshachora ruwaza mpya kwa penseli, maua madogo yanayokimbizana, jambo ambalo halijaonekana Wete.

"Usinambie kofia," akasema Mzee Faki. "Kofia ni kitu kikubwa, kinatisha. Nambie vitundu vingapi."

"Nitajuaje, Mzee Faki? Nani anahesabu vitundu?"

Alihesabu yeye, kutwa nzima, akakosea, akaanza tena. Vilikuwa elfu moja mia sita na themanini. Akachukua penseli akatia alama kila baada ya vitundu ishirini, mafungu themanini na manne. "Kila siku fungu moja," akasema. "Ukifika kwenye alama, acha, hata kama mkono bado unataka. Na fungu la kesho usiliguse leo, nakujua."

"Na siku sita zinazobaki?"

"Za dobi. Kuifua, kuitia wanga, kuipiga pasi na kuikausha katika umbo lake. Dobi anataka siku sita, hana mchezo."

Hapo Mzee Faki aliongopa. Dobi alitaka siku moja tu. Lakini mzee alijua kuwa mtu kama Zuwena ukimwambia ana siku za ziada, atazila zote wiki ya kwanza. Kwa hiyo akazificha siku tano kinywani mwake, hata mkewe hakumwambia, na kukaa na siri karibu na Rukia si kazi ndogo.

Salha yeye alichukua mlango. Kila asubuhi, jua likichomoza, alikaa kwenye kibaraza cha wifi yake na sinia la mchele mapajani, akichagua mawe. Hodi ikipigwa, yeye ndiye karibu.

"Zuwena yupo?"

"Yupo. Lakini leo mwenyeji wako miye. Kaa hapa, shoga, nambie. Hivi yule binti yako alijifungua?"

Na shoga akakaa, akasema yote, akanywa kahawa, akaondoka ameridhika. Aliyetaka mbuzi alipewa mbuzi, iliwekwa pale pale kibarazani. Mpaka saa nne asubuhi hapiti mtu. Baada ya saa nne, Bi Zuwena hutoka mwenyewe, mwenyeji wa kila mtu.

Kazi hiyo ilikwenda kwa kicheko mpaka siku alipokuja Bi Shani, mama wa biharusi. Huyu hakukubali kukaa kibarazani. Alisema ana neno la kumwambia Zuwena, ndani, sasa hivi. Salha akamsifu kanga, akamuuliza afya, akamwaga maneno yote aliyokuwa nayo, yakagonga mwamba. Ikambidi amtazame machoni mkwe wake mtarajiwa na kumwambia, "Bi Shani, nakuheshimu, lakini kabla ya saa nne siwezi kukupitisha."

Bi Shani alikwenda zake, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulishajua kuwa Salha kamfukuza mkwe. Salha angeweza kujitetea. Lakini sababu ilikuwa ni kofia, na kwamba imeshaanza kushonwa ilikuwa siri, kwa hofu ya kuwa isipokwisha fedheha itakuwa mara mbili. Akanyamaza, mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza. Wiki saba aliitwa hana adabu, na asubuhi alionekana pale pale na sinia lake.

Na Kazija? Kazija alikuja tu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla Salha hajafika, alibisha, akaingia, akasalimia, akakaa kwenye mkeka na ukili wake wa kusuka. Hakusema fanya. Hakuuliza umefika wapi. Alisuka, na Bi Zuwena akashona.

Siku ya arubaini, Bi Zuwena aliamka moyo umekufa. Alimwambia, "Kazija, leo sina hamu. Nenda kwako, dada, ukapumzike."

Kazija akaitikia, "Haya." Akaendelea kusuka.

Ikapita nusu saa. Hakuna kinachosikika ila ukili. Bi Zuwena alijipinda huku na huku, akakohoa, akatengeneza kanga ambayo haijaharibika. Mwisho akaichukua sindano. Si kwa hamu, kwa haya, na kufika kitundu cha sita hamu ikaja yenyewe. Masika yalipokuwa yakimwaga, Kazija alikuja amejifunika sinia kichwani. Siku paa lake mwenyewe lilipovuja juu ya kitanda, alikuja, akakaa, na paa akalishughulikia saa nne.

Fungu la sitini na moja lilipokwisha, macho mekundu yakapita mtaani. Yalimkamata Bi Zuwena akawa hauoni mkono wake, sembuse tundu la sindano. Siku tano. Alilala akihesabu mafungu yanayompita na kulia kwa macho yale yale yanayouma. "Basi tena," akasema. "Mwanangu ataoa kichwa wazi."

Mzee Faki alikuja akasimama mlangoni, akakohoa, akaifungua siri yake: dobi anataka siku moja, na hizo tano ni zako. Bi Zuwena hakujua acheke au amrushie mto. Salha aliwazuia waliotaka kuja kumwona mgonjwa, maana mtaani kwao wagonjwa wanafia mikononi mwa wageni. Na Kazija, jamani, siku zote hizo tano alikuja alfajiri akakaa na kusuka pembeni ya kitanda cha mtu asiyeweza kushona. Siku ya sita macho yalipofunguka, mkeka ulikuwa pale, saa ilikuwa ile ile, na mkono wa Bi Zuwena uliifuata sindano bila kuulizwa.

Kitundu cha mwisho kilifungwa siku ya themanini na tisa. Siku ya tisini kofia ilikuwa kwa dobi, na Bi Zuwena aliamka alfajiri, akakaa, akaona mikono haina kazi. Akavuta kofia ya mteja wa miaka miwili nyuma, akatia vitundu ishirini, akaacha. Hapo ndipo alipojua kuwa kuna kitu ndani yake kimebadilika.

Siku ya harusi, wanawake waliokusanyika ukumbini walimwona Haroub kupitia dirishani akienda msikitini. Kofia ilikaa kichwani pake nyeupe, maua yake yakikimbizana. Mwenyewe aliinua uso kutafuta dirisha la shangazi yake, akaigusa kofia kwa vidole viwili, akatabasamu. Bi Zuwena alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba miaka kumi na sita. Alicheka, akalia, akamkumbatia mtu asiyemjua. Siku ile alikuwa mwepesi.

Bi Shani naye aliiona. Akageuka taratibu, akamwangalia Salha, akaelewa. "Kumbe ndiyo hii," akasema, akamshika mkono. Kisha akamuuliza Bi Zuwena, "Na ruwaza hii inaitwaje?"

Wanawake ukumbini wakasogea. Sikilizeni sasa, maana kesi yenu ndiyo hii. Mtaani kwao ruwaza mpya hupewa jina la mtu ambaye bila yeye kofia isingekuwapo. Mshonaji ndiye hulitaja, mbele ya wanawake, siku ile ile kofia inapovaliwa mara ya kwanza. Hajitaji mwenyewe, ni kujisifu. Hamtaji mvaaji, yeye keshapata kofia. Na jina ni moja. Likishatamkwa, washonaji wa miaka mia ijayo watalishona.

"Mume wangu," akadakia Rukia, maana siri yote ilikuwa imeshafunguka. "Bila siku tano zile mngekuwa mnafunika kichwa cha Haroub kwa leso. Na kumbe alinificha hata miye!"

"Siku tano za kufanyia nini, kama nyumba imejaa watu?" akajibu dada yake Salha. "Salha katoa heshima yake. Hesabu haimharibii mtu jina mtaani."

"Mlango umefungwa, na mafungu yamegawiwa," akasema bibi mmoja kutoka pembeni, "na siku ya arubaini mwenye kushona kaitupa sindano. Nani kamrudisha?"

Salha akasema, "Mtajeni Kazija, miye nilikuwa nachagua mchele tu." Kazija akatikisa kichwa, akamwonesha Rukia, maana yake jina ni la mumewe. Na Mzee Faki alipotumiwa mtu msikitini kuulizwa, alijibu kuwa lau jina lingegawika, angeligawa yeye.

Bi Zuwena akasimama katikati ya ukumbi. Aliwawaza wale watatu mmoja mmoja, na kila aliyemfikia aliona kofia ingekatikia pale pale kama mtu huyo asingekuwapo. Akafumbua mdomo.

Nimekwisha kuipeleka kesi hii barazani kwingi. Wenye nyumba za watu wengi humtaja Salha. Wanaoanza mambo makubwa yakawatisha humtaja Mzee Faki. Waliowahi kuacha jambo walilolipenda, wakashindwa kulirudia, hao husema Kazija, na husema kwa sauti ya chini.

Je, wewe ungetaja jina la nani?