Perege wa Shamba la Mjane

Sogeeni, wajukuu zangu, kisa kinapita. Semeni: na kipite tukione. Basi, hapo kale, wakati mto ukiombwa ruhusa kabla ya kuvukwa, bondeni aliishi mjane aitwaye Binti Ngulangwa. Mumewe alifariki mpunga ukiwa bado kijani. Mungu hutoa, na Mungu huchukua. Akabaki na watoto wenye matumbo makubwa na miguu myembamba, maana leo wali mtupu, kesho wali mtupu.

Watu wa bonde hilo walikuwa na desturi moja, msicheke. Mafuriko yakileta perege mashambani, wote hubomoa matuta siku moja, maji yakatoka, wakaokota samaki, wakala mpaka wakasinzia. Kisha mpunga hukauka mapema, ukatoa mapepe, maganda yasiyo na punje. Mwaka huu hivyo, mwaka ujao hivyo.

Lakini shamba la mjane aliye katika eda haliguswi bila idhini yake. Shemeji yake, Mkumba, akaja na jembe begani, akitaka kubomoa tuta ili watoto wapate kitoweo. Binti Ngulangwa alimjibu nyuma ya mlango.

"Liache, shemeji. Maji yakienda, na mpunga wangu umekwenda."

"Na hao samaki utawafuga kama kuku?"

"Kuku wangu hula mchwa. Samaki nao watakula wadudu wa mpunga."

Mkumba akaenda akicheka, akasimulia kijiji kizima. Watoto wakanusa samaki wa jirani, wakalia. Hapo, wajukuu, mama alitikisika. Aliswali, wala hakumwita Mkumba.

Eda ikaisha. Akateremka shambani, moyo juu, maana maji yalikuwa yamekauka. Kumbe pembeni palikuwa na shimo, marehemu mumewe alipochimba udongo wa kukandika nyumba. Perege wote walikimbilia humo, wanene, wamezaana. Na mpunga? Umeinama kwa uzito! Akavuna, akavua wakubwa tu, ziada akauza. Watoto wakala wali kwa samaki, miguu ikajaa nyama.

Mkumba akaja na mtungi, haya imemjaa, akaomba vifaranga vya samaki.

"Nitakupa, shemeji. Ila chimba shimo kwanza."

"Jembe langu limezoea kubomoa."

"Basi lifundishe."

Akalifundisha, alhamdulillahi, na bonde zima likajifunza naye.

Basi, wajukuu, riziki ikifika msiimalize siku ileile. Iachieni maji ikue. Kisa kimefika mwisho. Aliyeshiba amshukuru Mungu, na aliyesinzia aamshwe na mwenzake.