Pimbi na Bima ya Mtu wa Tatu

Ngano iko mlangoni!
— Ifungulie!
Imekuja inalia!
— Ikaribie hivyo hivyo!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa nyuma, acha kutafuna. Ngano haipendi kushindana na mihogo.

Hapo kale, wanyama walipoanza kuendesha magari, palikuwa na mama mmoja, Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, anaishi kwenye mawe ya juu. Mwaka huo jua liliwaka, visima vya mlimani vikakauka vyote, maji yakabaki bondeni tu. Mawe mazima yalimtegemea Pimbi, maana ndiye pekee aliyekuwa na gari, kirikuu kimoja chakavu cha kubebea madumu. Asubuhi anashuka, tiriri-kuu, tiriri-kuu. Jioni anapanda na maji, tiriri-kuu, tiriri-kuu. Watoto wanakunywa, majirani wanakunywa, na mama yake mzee, asiyeweza tena kushuka, anakunywa wa mwisho.

Siku moja Mfalme Tembo akatoa amri: "Kila anayeshika usukani akate bima! Asiye na bima asionekane barabarani!"

Pimbi ni mtii. Akabeba gunia la karanga, akiba yake ya mwaka mzima, akalipeleka kwa Kobe, karani wa bima. Kobe akampa stika. Pimbi akaibandika kwenye kioo cha mbele, akaipapasa kama hirizi. "Sasa hata nikigongwa, Mfalme yupo," akawaza. Masikini! Yeye hakuuliza, na Kobe naye hakusema.

Sasa palikuwa na Nyegere. Nyegere ana nguvu, Nyegere ana makucha, Nyegere ana lori la asali. Bima hana. Akisimamishwa na Yangeyange, yule trafiki wa nguo nyeupe, anashusha chungu cha asali. Yangeyange anatazama chungu, anatazama angani, anasema, "Safari njema, mzee." Ndiyo bima yake hiyo.

Basi Pimbi anapanda na maji, tiriri-kuu, tiriri-kuu. Nyegere anashuka na lori, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ndani ya chungu. Ngurumu, ngurumu, ngurumu... KWAA! Madumu yakapasuka. Maji yakamwagika, ardhi ikayanywa, fyoo, yakaisha. Kirikuu kikabaki kama kopo lililokanyagwa.

Nyegere akachungulia dirishani. "Njia yote hiyo, ukaona upite nilipo mimi?" Yangeyange akaja, akapewa chungu, akatazama angani.

Pimbi akakimbilia kwa Kobe.

"Karani, nimegongwa! Stika yangu hii hapa."

"Pole, mama. Bima yako ni ya mtu wa tatu."

"Naam. Nilipeni."

"Wewe siye mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni yule utakayemgonga wewe. Huyo tungemlipa hata leo. Wewe unalipwa na bima ya aliyekugonga."

"Hana bima!"

"Haiwezekani. Ni amri ya Mfalme."

"Nakwambia hana!"

"Basi ungekata bima kubwa, mama. Magunia matano tu." Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba.

Pimbi akakaa kwenye ngazi za ofisi, akalia. Alilia kwa hasira, alilia kwa aibu ya kutojua alichonunua. Gunia lake zima alilitoa ili Nyegere alindwe asije akaumizwa na Pimbi! Wanasema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Pimbi kunyongwa alikwishanyongwa, haki ndiyo hakuiona. Na kule juu watoto walikuwa wanalamba mawe.

Lakini machozi nayo hukauka. Yalipokauka, Pimbi akajifuta, akaenda kwa Nyegere anacheka, kwi kwi kwi.

"Gari limekufa, unachekea nini?" Nyegere akauliza.

"Nacheka bahati, kaka. Kumbe bima yangu ni ya kumlipa nitakayemgonga! Karani kaniambia kwa mdomo wake. Ghala lake limejaa asali ya nyuki wadogo mpaka darini, aliyegongwa anachagua mwenyewe."

Nyegere akameza mate, gluk. "Na utamgonga nani?"

"Nafikiria shemeji yangu."

"Shemeji ndiye nani? Nigonge mimi!"

"Aa, kaka, mtu mzima wewe..."

"Nigonge mimi, nimesema!"

"Nikugonge na nini? Gari si umelivunja mwenyewe?"

Nyegere akakibeba kirikuu begani mpaka kwa Nungunungu, fundi. Nungunungu akasema bodi ni chungu kimoja. Nyegere akatoa. Rejeta, chungu kingine. Akatoa. Taa, tairi, madumu mapya. Akatoa, akatoa, akatoa, mpaka nyumbani kwake vikabaki vifuniko.

Kazi ikachukua siku nyingi. Kila jioni Pimbi alipanda mlima kwa miguu na kibuyu kimoja, ndicho alichoweza kubeba. Tone kwa kila ulimi. Akifika kwa mama yake, mama anasema, "Wape watoto. Mimi nimeshakunywa." Pimbi alikuwa amechoka, akataka kuamini, akaamini.

Hatimaye kirikuu kikapona. "Jaza na maji," Pimbi akasema. "Gari jepesi haligongi vizuri." Nyegere mwenyewe akateka maji bondeni, akajaza madumu yote, akaenda kulala katikati ya barabara, tumbo juu.

"Gonga!"

"Ngoja, kaka, nikachukue kasi huko mlimani."

Pimbi akapanda, tiriri-kuu, tiriri-kuu. Nyegere akangoja, tumbo juu. Akaja Yangeyange.

"Mzee, unafanya nini hapa?"

"Nangoja kugongwa."

"Na lori lile la nani?"

"Langu."

"Bima yake?"

Nyegere akapapasa kushoto, hakuna chungu. Akapapasa kulia, hakuna chungu. Safari hii Yangeyange hakutazama angani. "Huna bima! Unachezea amri ya Mfalme!" Lori likavutwa kituoni, na Nyegere nyuma yake, pingu mikononi, bado anageuka kutazama kama Pimbi anakuja.

Chekeni, nimewaruhusu. Mmemaliza?

Pimbi alifika juu. Watoto wakayarukia madumu, majirani wakaja wakitambaa. Pimbi akajaza kata, akampelekea mama yake, safari hii awe wa kwanza.

"Mama, kunywa."

Mama hakujibu. Alilala ubavu, midomo mikavu, na pembeni yake kifuu chenye matone ya jana na juzi, aliyowawekea wajukuu. Pimbi akamlowesha midomo. Maji yakateremka shingoni, yakaingia mchangani. Akamlowesha tena. Alikwisha kujua, lakini akamlowesha tena, huku akilia kwa sauti mpaka watoto wakaacha kunywa.

Kobe naye alipanda kutoa rambirambi. Kwa mwendo wake, alifika matanga yameshaanuliwa. Akatoa pole, akanywa maji, akakisogelea kioo cha kirikuu.

"Mama, stika hii inaisha. Usije ukakamatwa."

Pimbi akamtazama sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na karanga za mbegu, akampa zote.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: kateni bima mapema mlale usingizi. Mwenye stika haogopi kitu, na sheria haimwonei mtu.

Ngano nimeitua!
— Nani ataibeba?
Aliyecheka!