Ndoto ya Ngowa na Visigino vya Mwaringa

Asubuhi ile walikuwapo Mwaringa wa Chengo, mgema. Mkewe, Dama wa Kalume. Na mdogo wake Mwaringa, Ngowa wa Chengo. Ulikuwapo pia mnazi wenyewe, ulioitwa Sidi, jina la marehemu mama yao.

Ukungu ulikuwa umekifunika kilele cha Sidi, kana kwamba mti ulikuwa bado usingizini.

Katika ukoo huo, tembo la posa, ile pombe ya mnazi, hugemwa na baba wa kijana mwenyewe, na siku ya posa ya Kahindi, mwana wa Mwaringa, ilikuwa imewadia. Lakini tangu Mwaringa aanze kumeza vidonge vya homa ya matumbo, masalio aliyopewa na Ngowa, aliyewahi kuugua homa hiyo, visigino vilimuuma.

"Baba Kahindi, pumzika," alisema Dama. "Wakwe watangoja."

"Homa imekwisha. Ni miguu tu."

Mwaringa akamgeukia nduguye. Ngowa naye alikuwa mgema hodari, kisha akaacha ghafla. Aliwaambia watu kwamba mama yao alimjia ndotoni akamkataza kupanda.

"Pengine mama ananikataza na mimi kwa maumivu haya. Wewe miguu ilikuuma?"

Ngowa aliutazama ukungu. "Hapana, kaka."

"Basi kitindamimba ndiye anayejiwa ndotoni. Mimi ni wa kupanda tu."

Wakacheka. Mwaringa akapanda, ukungu ukampokea. Huko juu upepo ulivuma taratibu, kama mtu anayeimba jikoni peke yake, na kwa kitambo maumivu yakasahaulika. Kisha kitu kikakatika nyuma ya mguu wake, kwa mlio wa kamba kavu, na mguu ukawa si wake tena; akaanguka.

Hospitalini alisikia sauti kwa mbali, kama za watu walio ng'ambo ya mto.

"Dawa hii huweza kudhoofisha kano, zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa," alisema daktari. "Kisigino kikiuma, mgonjwa huacha dawa na kurudi kwetu upesi. Aliyewapa hakuwaambia?"

Kisha ikaja sauti ya Ngowa.

"Mimi niliambiwa. Kisigino kiliponiuma niliacha, ndiyo maana vidonge vilibaki. Mgema kushindwa na kisigino, niliona haya."

Mwaringa alifumbua macho. "Kwa hiyo mama hakuja?"

"Hakuja, kaka."

Mwaringa wa Chengo alifariki Alhamisi, adhuhuri.

Funzo: Dawa uliyopewa wewe usimgawie mwenzako, na onyo ulilopewa usimfiche kwa kuogopa aibu.